Waya Uliochelewa Kufika Salale

Kibiti, 12 Januari 2025

Dada yangu Mwanahalima,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Hadija, na za binti yetu Mwanaharusi mdogo, mwenye jina la Mama, ambaye sasa anaongea mpaka majirani wanafunga madirisha. Sisi tuko salama. Kazi ya useremala inakwenda, watu wanajenga kandokando ya barabara na kila nyumba inataka mlango. Huko mpunga mmeshapanda, au bado mnagombana na kaa wanaokata miche? Shangazi wa Ngarambe anakusalimu, mguu wake umepona, sasa kinachomsumbua ni mdomo.

Husseini wa boti atakupa mfuko wa kaki. Ndani mna simu. Ni ya Mama. Nasema ya Mama, si yako, maana najua tangu yako ilipoangukia majini umekaa bubu na macho yatakutoka. Ni simu kubwa, ya kupangusa, nimeweka laini mpya na vocha. Chaja haina. Siku hizi zinauzwa hivyohivyo, na muuzaji kaniapia hakuna haja: dunia nzima imeshakubaliana tundu moja, hata redioni tumesikia, waya mmoja unaingia kila simu. Hapo Salale hamtakosa waya kwa jirani.

Sababu ya simu unaijua, lakini acha niiandike. Miaka mitano sijasikia sauti yake. Lile neno nililomwambia barazani siku nilipomleta Hadija naye akakataa kumpokea, mbele ya wageni, "basi hesabu hukunizaa", mpaka leo linaniwasha kooni. Yeye hakunijibu. Alijitanda kanga yake akaingia ndani. Angenitukana ningepona siku ileile.

Nataka radhi yake, dada. Nataka nimsikie kwa sikio langu akisema amenisamehe. Akisema tu, kesho yake niko Nyamisati nangoja boti, na mke wangu na mtoto. Lakini kuja hivihivi, nikafika akanigeuzia mgongo tena mbele ya watu, hapana, sitaweza. Mwambie nitapiga jioni, baada ya magharibi.

Mdogo wako,
Tamimu


Salale, 2 Februari 2025

Mdogo wangu Tamimu,

Alhamdulillahi, tumeamka. Barua yako nimeipata ikiwa imelowa pembeni, Husseini aliikalia, lakini inasomeka. Kaa wametukata miche ya shamba la chini yote, tumepanda upya. Mjomba Saidy kaoa tena, usiniulize nani, utacheka bure. Hadija msalimie sana, na huyo mwenye mdomo mpe busu, ningependa kujua sura kamfuata nani.

Simu imefika. Mama kaishika, kaigeuza, kaipangusa kwa pindo la kanga kama anafuta sahani ya mgeni. Kwanza alisema, "Kanikumbuka." Usiku anailaza chini ya mto wa kitanda, na mtu akiomba kuiona anamwambia aoshe mikono. Kwa hiyo usiseme zawadi yako haikupokelewa.

Kuhusu kupiga, bado hatujaizoea. Vuta subira. Hivi huko kwenu hizi simu mnachajia kwa waya wa namna gani? Nauliza tu.

Lakini hebu nikuulize na hili: mwanamume mzima mwenye randa na msumeno, kwa nini unataka kuingia nyumbani kwenu kupitia simu? Njia ya Nyamisati ipo. Njoo, mdogo wangu. Mama hajambo, ana kikohozi kidogo tu.

Dada yako,
Mwanahalima


Kibiti, 24 Februari 2025

Dada Mwanahalima,

Salamu. Sisi wazima. Hadija kapata homa, imeshapita. Mfungo unakaribia, nimewapelekea tende kwa mkono wa Husseini, zigaweni.

Sasa dada, tusifichane. Nimepiga kila jioni. Kila jioni mwanamke yuleyule ananiambia namba haipatikani, mpaka Hadija kaanza kunitania kwamba ndiye mke wa pili. Nilicheka wiki ya kwanza. Sasa sicheki. Simu mpya, laini mpya, mtandao wewe mwenyewe uliniambia unashika hata uani kwenu pale karibu na jiko, halafu haipatikani? Simu haijizimi. Kuna mtu anaizima.

Najua ni Mama. Na wewe unajua, ndiyo maana unanizungusha na habari za Mjomba Saidy. Ameipokea ili watu waone kapelekewa, na kuniongelesha hataki. Sawa. Ana haki. Mimi ndiye niliyesema, si yeye. Ila angalau angeiacha ikawa wazi, akapokea, akanyamaza, nikamsikia anavyopumua. Ningejua yuko upande wa pili.

Kuhusu kuja, jibu ni lilelile. Sauti kwanza. Usiniandikie tena kwamba njia ipo.

Tamimu


Salale, 20 Machi 2025

Tamimu,

Ramadhani karimu. Tunafuturu mihogo na kamba wa bamvua, maji yakijaa sana, tende zako zimeisha, kila aliyepita alichukua. Mtumbwi wetu umetoboka, jirani yetu Mashaka anauziba. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Hasira hasara, mdogo wangu. Umemdhania Mama jambo ambalo hakulifanya, na sasa nitavunja amri yake, Mungu anisamehe na mwezi huu. Simu haijazimwa. Simu haijawahi kuwaka! Ilikuja na chaji ya kufikia Nyamisati, basi. Huo waya wako wa dunia nzima, Salale haujafika. Nurdini anayechajisha kwa sola ana ubao mzima wa waya, nimezijaribu zote mbele yake: pini nyembamba za simu za vitochi, na zile za mdomo bapa wa zamani. Hakuna unaoingia. Watu wengine hapa hata waya hawana habari nao. Wanatoa betri kwenye simu wanampa Nurdini, anaibana kwenye kobe, ile chaja yake ya meno mawili inayoshika betri ya simu yoyote. Kobe ndiye aliyekuwa waya wa dunia nzima kwetu, kabla ya huo wenu.

Nilitaka kukuandikia tangu mwanzo. Mama akanikatalia katakata. "Mtoto katoa kwa moyo wake, wewe umwambie haifai? Atajua namdharau zawadi." Ndiyo nikakuuliza kijanjajanja kuhusu waya, na wewe hukunijibu.

Nikamwambia basi tumpigie kwa simu ya Mashaka. Nilikupigia mara mbili, hukupokea. Mwenyewe unasema namba ngeni hupokei kwa sababu ya matapeli. Halafu Mama naye kasema hasemi mambo yake kwenye simu ya kuazima, mwenye simu amesimama ubavuni na nyuma yake foleni. Lile neno ulilisema mbele za watu, yeye hataki kulijibu mbele za watu. Unamjua alivyo.

Tuma waya, Tamimu. Au ulete mwenyewe, ndiyo bora zaidi. Kikohozi chake hakijaisha, kimemshuka kifuani kidogo.

Mwanahalima


Kibiti, 6 Aprili 2025

Dada yangu mpenzi,

Idi mubarak, ingawa imepita. Barua yako imenikuta nakula pilau, nikaisukuma sahani pembeni. Nimecheka, halafu nikaenda nyuma ya karakana nikakaa kwenye mbao. Wiki zote hizo nilikuwa namnunia mama yangu kwa sababu ya tundu la simu!

Nimekwenda kwa yule muuzaji. Namwambia, waya wako huko kwetu haupo. Ananijibu, "Utafika tu, mzee, mambo haya yanakwenda polepole." Nikanunua waya na kichwa chake, nimevifunga ndani ya nailoni mbili na karatasi, viko kwa Husseini. Namba ya Mashaka nimeihifadhi, lakini sitampigia Mama kupitia kwake. Asichotaka yeye, sikitaki.

Waya ukifika, siku hiyohiyo chajini, mnipigie hata kama ni alfajiri. Nimeshajua nitamwambia nini. Nimemwambia Hadija anyooshe nguo za safari. Mvua hizi zikipungua, na nikishamsikia, tunakuja wote.

Najua utasema nije tu. Dada, sasa sikatai kwa kiburi. Naogopa. Ukishamsikia mtu kasema, unajua unapokanyaga. Kifua chake mpeni maji ya tangawizi.

Tamimu

Nyongeza: Husseini anasema injini imekufa Nyamisati, wanangoja kipuri kutoka Dar. Waya uko mfukoni mwake, kaniahidi hautoki.


Kibiti, 15 Juni 2025

Dada Mwanahalima,

Assalaam aleikum. Tulifika salama tulipotoka kwenye arobaini. Mtoto bado anauliza kwa nini bibi mwenye jina lake hatukumkuta, na kila siku namjibu tofauti. Hadija anakushukuru kwa mkeka. Shangazi wa Ngarambe analia akianza kula na akimaliza kula.

Siku ile ya msiba Mashaka alinipigia. Nilikuwa na mashine ya randa, sikusikia. Nilipoiona nikadhani mnataka kuniambia waya haujafika, nikapiga, haikupatikana, nikarudi kwenye mbao zangu. Niliranda mbao, dada, na Mama yuko kwenye jeneza. Habari alikuja nayo Husseini, kasimama mlangoni pa karakana, akanikabidhi kiatu chake cha matope nimshikie kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Nikajua.

Sasa kuna jambo. Ile simu niliyoichukua chini ya mto wake, nimeipeleka kwa fundi hapa sokoni. Kaiangalia tu akanirudishia. Anasema imefunguliwa mgongo kwa kisu, betri imetobolewa, na kwa nje imebandikwa gundi na utepe. Nilipokuwa kwenu niliuona utepe, nikadhani ni pambo la Mama.

Nani kaifungua? Kama ni watoto, niambie. Kama ni mtu kaiba kitu ndani, niambie pia. Maana sikupata sauti yake, sikumpata mwenyewe, kitu pekee changu alichokuwa akilala nacho ni hicho, na kimetumbuliwa kama samaki. Kwenye arobaini nilikuona unanikwepa. Kila nikikaa karibu yako ulikumbuka sufuria. Niambie ulichokuwa unakikimbia.

Tamimu


Salale, 2 Julai 2025

Tamimu mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Mpunga wa shamba la juu tumevuna, si haba. Mashaka kamaliza kuuziba, mtumbwi umepona. Hadija mwambie mkeka wa pili nausuka.

Umesema kweli, nilikukwepa. Nyumba imejaa watu, wengine wanasoma, wengine wanakula, ningekuambia wapi? Nimekaa na hii barua tangu ya kwako ifike, naanza, naacha.

Simu niliifungua mimi. Kisu ni cha kuparia samaki, kilishikwa na Nurdini, lakini mkono ulikuwa wangu.

Kifua cha Mama hakikuwa kidogo. Alinikataza kukuandikia, "usimtishe mtoto, aje kwa kupenda." Mvua ikanyesha, boti haiji, waya hauji. Akawa kila akiamka anauliza, "Imeshapata chaji?" Alhamisi asubuhi akauliza, na sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Nikachukua simu nikakimbia nayo kwa Nurdini. Namwambia, toa betri, ibane kwenye kobe. Ananiambia, dada, hii mgongo haufunguki. Nikamwambia nimeona simu ngapi hapa Salale, ipi isiyofunguka? Ni kubana tu, ingiza kisu. Akaingiza. Ukatoka moshi kidogo na harufu mbaya. Nurdini akaiweka chini, akasema, "Imekata roho hii." Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Tulivyozoea ndivyo tulivyofanya, Tamimu. Hatukujua kwamba huo waya mmoja umekuja na simu zisizofunguliwa.

Nikaipaka gundi, nikaizungushia utepe, nikarudi. Mama kaniangalia usoni. "Imepata?" Nikasema imepata.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka tu. Macho yake yakawaka, akataka atolewe uani, pale mtandao unaposhika. Nikamwita Maimuna wa jirani, tukambeba, nikamkalisha kwenye kiti karibu na jiko. Nikabonyeza simu iliyokufa, nikamwekea sikioni. Nikamwambia, tayari, anakusikia.

Akamwambia Maimuna aondoke. Mimi akaniacha kwa sababu nimeshika simu. Akasema, nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza na sijapunguza: "Tamimu. Mimi mama yako. Lile neno nililisikia na nimelisahau. Nilikuzaa, na uchungu wako naukumbuka mpaka leo, ulikuja kwa matako kama mbishi. Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera. Mlete mkeo nimuone. Mlete na mwenye jina langu."

Kisha akangoja. Simu kaibana sikioni kwa mikono miwili, na anangoja. Akanigeukia, "Mbona hajibu?"

Nikamwambia, "Analia, Mama."

Akasema, "Basi mwache alie. Akimaliza atakuja."

Tukamrudisha ndani. Ijumaa kabla ya adhuhuri akatutoka. Husseini alifika tukiwa tunatoka makaburini, na nailoni yako mfukoni, kavu kabisa. Alinikabidhi palepale njiani na watu wanapita. Sikujua niishike vipi.

Waya huo nimempa Nurdini. Kautundika kwenye ubao wake. Sasa kuna watu hapa wameanza kununua simu za tundu hilo, wanakuja kupanga foleni, na mie nikipita nazunguka kwa nyuma ya msikiti nisiuone.

Hapo ndipo nilipo. Nimemdanganya mama yangu saa za mwisho, na nimekufichia radhi yako tangu Aprili. Radhi aliitoa, lakini hakuna aliyeisikia ila mimi na simu mbovu. Sijui kama imekufikia. Nimemuuliza shehe kwa mafumbo, kanijibu kwa mafumbo. Ukinikasirikia nitaelewa.

Dada yako,
Mwanahalima


Kibiti, 13 Julai 2025

Dada yangu,

Salamu za nyumba nzima. Hadija kaisoma barua yako kabla sijamaliza mwenyewe, alininyang'anya aliponiona.

Kosa lako silioni. Mimi nilikuwa na miguu miwili na nauli, nikataka waya. Umenibebea mama mpaka uani, ukanishikia simu, ukanijibia. Mtoto wake gani mwingine alifanya hivyo siku ile? Na wewe kuniomba radhi mimi, huo ni ukarimu wa kupita kiasi.

Radhi imenifikia. Imechelewa njiani kama kila kitu kinachokwenda huko na kutoka huko, lakini imefika. Nimeisoma kwa sauti mara nyingi, pale anaposema "kama mbishi" namsikia kabisa, hata anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Na lile neno ulilomwambia, kwamba nalia, usiliombee tena toba. Hukumwambia uongo. Ulitangulia tu.

Simu nimeizungushia utepe mpya, iko chini ya mto wangu. Mwanaharusi jana kaichukua, kaiweka sikioni, akaniuliza nani yuko ndani. Sikumnyang'anya.

Ijumaa tunapanda boti, sote watatu. Usimwambie mtu, na usituandalie kitu. Nataka twende kwanza makaburini, kabla ya chai, Mama amuone Hadija na mwenye jina lake.

Mdogo wako,
Tamimu